Hajime no Ippo: kwa nini wahusika, uhalisia na vichekesho vyake vinawavuta hata wasiopenda ngumi

Mwanzisha uzi:

Wadau, salaam. Nimeufungua uzi huu kwa sababu kila anime (katuni za Kijapani) za michezo zinapotajwa, Hajime no Ippo husifiwa kwa maneno yaleyale mawili matatu, kwamba ngumi zake zinafanana na ngumi za kweli na kwamba inavunja watu mbavu kwa kicheko, kisha mjadala unahamia kwingine bila yeyote kueleza sababu. Mimi naona kwamba sifa hizo zote, yaani wahusika, uhalisia na vichekesho, zinachimbuka mahali pamoja. Karibu kila anayepanda ulingoni katika hadithi hii ana kazi nyingine ya kumpatia riziki, ana nyumba anakorudi na uso uliovimba, na ana mtu anayemsubiri huko. Ukiwaondolea mabondia hawa duka la maua, kibanda cha tambi na mashua ya uvuvi, hutabaki na uhalisia wala kichekesho, utabaki na makonde tu.

Kwa asiyeifahamu, hii ni kazi ya mchoraji George Morikawa, iliyoanza kuchapishwa kama manga (hadithi ya michoro) katika jarida la Weekly Shonen Magazine mwaka 1989, ikapata tuzo ya manga ya Kodansha mwaka 1991, na vitabu vyake vimekwisha kupita 140. Anime ilitengenezwa na studio ya Madhouse. Mfululizo wa kwanza, wenye vipindi 75, ulirushwa kuanzia Oktoba 2000 hadi Machi 2002, ukafuatiwa na filamu ya televisheni na kipindi maalumu mwaka 2003, kisha mfululizo wa New Challenger mwaka 2009 na ule wa Rising kuanzia mwaka 2013. Morikawa mwenyewe hautazami mchezo huu kwa mbali, kwani anamiliki ukumbi wa mazoezi ya ngumi na amekuwa akisimama kwenye kona kuwahudumia mabondia wakati wa mapambano. Nadhani jambo hilo linaeleza mengi. Anayeshika ndoo na taulo huona pumzi inavyokatika na macho yanavyopoteza mwanga kati ya raundi na raundi, na ndiye anayelazimika kuamua kama kijana wa watu arudi ulingoni au asirudi.

Makunouchi Ippo ni mwanafunzi anayeishi na mama yake mjane. Baba alifia baharini, na familia inaendesha maisha kwa kuwapeleka wateja kuvua kwa mashua yao. Kijana huamka alfajiri kumsaidia mama kabla ya kwenda shule, na huko shuleni wenzake wakiongozwa na Umezawa humtesa na kumkejeli kwa sababu ya kazi hiyohiyo. Hapo ndipo anapookolewa na Takamura Mamoru, bondia wa kulipwa aliyekuwa akipita akifanya mazoezi ya kukimbia. Kijana anapogundua kwamba ngumi zake zina uzito wa ajabu, hadithi haitwambii kwamba alizaliwa na kipaji cha siri wala kwamba damu ya mabingwa inatembea mwilini mwake. Inatuonyesha mgongo, nyonga na miguu iliyokomazwa na miaka ya kubeba makasha mazito na kusimama imara juu ya chombo kinachoyumba. Kile kile alichochekewa ndicho kilichomjenga. Mwandishi hatangazi jambo hilo kwa tarumbeta, anamwachia mtazamaji aliunganishe mwenyewe.

Jaribio la kwanza analopewa na Takamura linastahili kutazamwa kwa karibu. Anaambiwa ajifunze kudaka majani kumi yanayoanguka kutoka mtini, kwa mkono mmoja, naye amepewa wiki moja tu. Ukiangalia juujuu utaliona ni utani wa mtu anayetaka kumfukuza mtoto msumbufu, na kwa kiasi fulani ni hivyo. Lakini jani linaloanguka halidakwi kwa kulirukia, kwa sababu upepo wa mkono wako mwenyewe unalisukuma. Linadakwa kwa mkono unaotoka kwa kasi na kurudi kwa kasi zaidi, na hiyo ndiyo ngumi nyepesi ya mbele ambayo kila bondia hufundishwa kabla ya nyingine yoyote. Ippo anakesha chini ya mti bila kujua kwamba anajifunza ngumi. Ndani ya tukio moja tumepata kichekesho, tumepata somo la kiufundi, na tumemjua kijana huyu ni mtu wa namna gani.

Wapinzani nao wamechorwa kwa uangalifu uleule. Sendo Takeshi, yule simbamarara wa Osaka, ameachiwa bibi tu, na bibi huyo anauza peremende kwenye kiduka ambako watoto wa mtaa wanamwona Sendo kuwa shujaa wao. Volg Zangief ametoka Urusi akimwacha mama mgonjwa, na kila pambano kwake ni safari ya kutafuta fedha za matibabu. Date Eiji aliwahi kumkabili bingwa wa dunia Ricardo Martinez akashindwa vibaya, akampoteza mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa mkewe, akaacha ngumi, kisha akarudi miaka kadhaa baadaye akiwa na mtoto mwingine anayetaka kumwona baba akishinda. Ippo anapokutana na Date kwa ajili ya mkanda wa Japani, mtazamaji hajui moyo wake auweke upande gani. Ippo anashindwa, kona yake inarusha taulo, na ukiwa mkweli utakubali kwamba matokeo yoyote mengine yangekuwa dhuluma.

Pambano ninalolipenda kuliko yote, hata hivyo, Ippo hayumo. Kimura Tatsuya mchana huwa dukani kwa wazazi wake akihudumia wateja wa maua, na jioni yuko mazoezini. Ni bondia wa kawaida, na yeye mwenyewe analijua hilo. Anapopata nafasi ya kuwania mkanda wa taifa dhidi ya Mashiba Ryo, mtu mrefu mwenye mikono inayofika popote, anatambua kwamba kwa nguvu wala kwa kasi hana lake. Jawabu analipata chumbani kwake, mbele ya tangi la samaki anaowafuga, akiangalia jinsi samaki mmoja anavyovizia mawindo kutoka pembe yasiyoitazama. Tangu hapo mpango wake ni mmoja: kupiga tumbo na mbavu, raundi baada ya raundi, akivumilia kipigo ili aingie karibu, mpaka macho na mikono ya Mashiba ianze kushuka yenyewe, halafu apotee ghafla chini ya upeo wa macho ya mwenzake na kuachia konde linalotoka juu. Konde linafika, na Mashiba anaanguka. Lakini anainuka, na Kimura anaposonga mbele kumaliza kazi, mwili umekwisha kuzima kabla ya nia yake. Muuza maua hakutwaa mkanda. Nimewaona watu wasiojali kabisa ngumi wakinyamaza kimya mwisho wa kipindi hicho.

Mchangiaji wa pili:

Mkuu, umeandika vizuri, lakini kwenye uhalisia naomba tusidanganyane. Konde moja huchukua nusu dakika kufika usoni kwa sababu bondia lazima kwanza akumbuke utoto wake, kocha aeleze nadharia, na mtazamaji wa safu ya kumi aseme kwamba hajawahi kuona jambo kama hilo. Idadi ya makonde mazito anayopokea Ippo katika pambano moja ingemlaza mtu hospitali mwaka mzima, na mwamuzi yeyote mwenye leseni angesimamisha mchezo raundi ya pili. Mimi naipenda kwa ajili ya urafiki wa pale kwenye ukumbi wa kocha Kamogawa, anakofanya mazoezi Ippo na wenzake. Hilo la uhalisia naliona ni sifa iliyorithiwa kutoka kwa mashabiki wa zamani bila kuhakikiwa.

Mwanzisha uzi:

Mkuu, chumvi ya ulingoni haipingiki, na wala sikusudii kuitetea. Uhalisia ninaousema uko katika mambo mawili mengine.

La kwanza ni mazingira. Ukumbi wa Korakuen mjini Tokyo, ambako mapambano mengi ya hadithi hii hufanyika, ni ukumbi wa kweli uliofunguliwa mwaka 1962, na mashindano ya kumsaka mfalme wa chipukizi yapo kweli katika ngumi za Japani. Bondia mpya hufanya mtihani wa leseni, huanzia daraja la chini kwa mapambano ya raundi nne, na hupanda kwa kushinda. Malipo ya chipukizi ni madogo, na mara nyingi sehemu yake hutolewa kwa tiketi ambazo inabidi akawauzie ndugu na marafiki. Ndiyo maana Aoki Masaru, mwenzao wa ukumbini, anapika tambi na Kimura anauza maua. Hata mitindo ya kupigana imetoka kwa watu waliokuwako. Ule mkono wa Mashiba unaoning'inia chini na kufyatuka kama mjeledi unamkumbusha mtu Thomas Hearns wa Detroit. Kuficha uso nyuma ya ngumi mbili, kama anavyofanya Ippo, ndiyo shule ya kocha Cus D'Amato aliyewalea Floyd Patterson na Mike Tyson, na lile konde la kuruka mbele kama swala lilikuwa la Patterson. Konde la Sendo linalopita kati ya hook (konde la pembeni) na uppercut (konde la kutoka chini) lilijulikana kwa Donovan Ruddock. Dempsey Roll, silaha kubwa ya Ippo ya kuyumba kushoto na kulia huku akipiga mfululizo, imechukuliwa kwa Jack Dempsey, bingwa wa uzito wa juu kuanzia mwaka 1919 hadi 1926. Na hadithi haiifanyi silaha hiyo kuwa muujiza. Mdundo wake unasomeka, kwa hiyo mpinzani mwenye macho mazuri anaweza kuupimia na kumrudishia Ippo konde la kumkuta, na miguu ya mwenye kuutumia hulipa gharama. Kila mara Ippo anapofurahia ushindi wake, mtu fulani katika ukumbi mwingine anarudia mkanda wa video kutafuta tundu.

La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni gharama. Hadithi inaweza kutia chumvi kwenye konde, lakini haitii chumvi kwenye deni linalobaki baada ya konde. Tazameni jinsi Takamura anavyopunguza uzito kabla ya kumkabili bingwa wa dunia Bryan Hawk. Mwili wake ni wa mtu mkubwa, ilhali kikomo cha uzito anaougombea ni kilo 69.85. Yule mtu aliyezoea kula chakula cha wenzake, kutania kila aliyepita na kupiga kelele kuliko wote anaanza kukaa kimya. Maji yanakuwa adui, jasho linakataa kutoka, na wenzake wanaacha kula mbele yake. Ulingoni nguvu zinakatika katikati ya pambano, sawasawa na vile ambavyo mwili ulionyimwa maji na chakula unavyopaswa kufanya. Hawk ana kipaji kikubwa na hafanyi mazoezi, na hilo linatutia hasira kwa sababu tumekwisha kuona mwingine alilipa nini ili asimame mbele yake.

Na lipo suala la ubongo, ambalo hadithi nyingi za ngumi hulikwepa au hulitaja mwishoni kwa machozi. Humu linatembea nasi tangu mapema kupitia mzee Nekota Ginpachi, rafiki wa ujana wa kocha Kamogawa, ambaye makonde ya zamani yaliharibu mwili na akili yake. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kuambiwa kwamba hilo ni jambo la kweli. Robert Wangila, Mkenya aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, alifariki mwaka 1994 baada ya pambano lake Las Vegas. Kwa hiyo mkuu, ukisema mwamuzi angesimamisha mchezo, nakubaliana nawe, lakini mwandishi huyu hajawahi kutuambia kwamba aliyevumilia makonde mengi ametoka salama. Wasiosoma manga waruke sentensi inayofuata: katika sura za baadaye Ippo mwenyewe anaacha ulingo na kusimama kwenye kona ya wenzake kwa sababu ya hesabu hiyohiyo.

Mchangiaji wa tatu:

Nimeufuata uzi kwa makini, nami nina swali kuhusu vichekesho na lalamiko kuhusu wanawake. Vichekesho vya Takamura mara nyingine ni vya chooni kabisa, vya kuvuana nguo na kulinganisha maumbile bafuni. Je, navyo vinaingia kwenye hoja yako ya kazi na nyumba? Lalamiko langu ni kwamba mama yake Ippo na Mashiba Kumi, dada yake Mashiba, kazi yao kubwa ni kusubiri na kuhofu. Na zile dhihaka kuhusu sura ya Tomiko, mpenzi wa Aoki, zimechakaa, mimi hazinichekeshi tena.

Mwanzisha uzi:

Kuhusu Tomiko niko upande wako. Dhihaka ile ilikuwa dhaifu tangu mara ya kwanza na inarudiwa mno, na cha ajabu ni kwamba Tomiko mwenyewe, kila anapopewa nafasi, ni mtu mwenye huruma na heshima kuliko wanaomcheka. Kumi naye angestahili nafasi kubwa zaidi. Ni muuguzi, kwa hiyo anajua kwa taaluma yake makonde humfanya nini binadamu. Kaka yake, Mashiba, ndiye aliyemlea kwa vibarua baada ya wazazi kufariki, na mwanamume anayempenda ni bondia pia. Hakuna mhusika mwingine aliyebanwa pande zote namna hiyo, ilhali mara nyingi anatumiwa kuongeza aibu ya Ippo katika mapenzi yasiyosogea hatua.

Vichekesho vya bafuni siwezi kuvisafisha kwa hoja yoyote. Baadhi ni vya kitoto, na mtu ana haki ya kuvisogeza mbele. Lakini angalia nani anamfanyia nani. Aoki na Kimura walikuwa vijana wahuni waliopigwa na Takamura, wakajiunga na ukumbi ule ili wajifunze kumlipizia kisasi. Takamura naye alikataliwa na familia yake tajiri na kuokotwa na Kamogawa kwenye ugomvi wa mitaani. Kundi la watu waliokutana kwa kupigana haliwezi kuambiana kwa maneno kwamba linapendana. Utani wao, hata ule mchafu, ndio lugha pekee waliyo nayo, na ndiyo maana Takamura anaponyamaza wiki za kupunguza uzito, ukimya ule unatisha kuliko kilio. Kama hukucheka naye vipindi thelathini, usingeusikia.

Kisha kuna kichekesho kinachoingia ulingoni chenyewe, na hapo namvulia kofia Morikawa. Aoki, bondia asiye na kipaji kikubwa, amebuni konde la chura, ambalo huchuchumaa chini kabisa kisha huruka juu nalo, na amebuni pia mbinu ya kutazama pembeni. Katikati ya pambano, bila sababu, anageuza uso na kuangalia upande kama aliyeitwa. Mpinzani naye anageuka. Ukumbi mzima unageuka. Na papo hapo Aoki anapiga. Unacheka mpaka machozi, halafu unagundua kwamba mbinu ile ina mantiki, kwa sababu bondia amefundishwa kumsoma mpinzani kwa macho yake, na macho yakienda, mwili unayafuata. Mpinzani aliyeonywa analazimika kupigana na silika yake mwenyewe huku akipigwa makonde. Aoki hana nguvu za Ippo wala kipaji cha Miyata Ichiro, hasimu mkuu wa Ippo, ana ubunifu wa mtu aliyezoea kupunguziwa kila kitu, na kicheko chetu kina heshima ndani yake. Namna hii ya kuchekesha ni tofauti na ile ya Takamura kupigana na dubu mlimani, ambayo ni chumvi tupu, ingawa nayo nakiri naipenda.

Mchangiaji wa nne:

Nimeshawishika. Naanzia wapi, na je, naweza kuruka vipindi visivyo na pambano?

Mwanzisha uzi:

Anza na mfululizo wa kwanza, vipindi vyote 75, unaofungwa na pambano la pili la Ippo na Sendo. Kisha tazama filamu ya Champion Road, halafu kipindi maalumu cha Mashiba na Kimura, vyote vya mwaka 2003. Kipindi hicho cha pili wengi hukikosa kwa sababu hakimo ndani ya mfululizo wowote. Baada ya hapo ingia New Challenger, ambamo Date anamkabili tena Martinez na Takamura anakutana na Hawk, ndipo umalizie na Rising.

Usiruke vipindi visivyo na pambano, hasa vya mwanzo. Umezawa, yule mtesaji wa shuleni, anabadilika taratibu katika vipindi hivyo hadi kuwa shabiki wa Ippo na baadaye kusaidia kazi kwenye mashua ya mama yake, na ukivikosa utamwona tu kijana mmoja anayebeba makasha bila kujua ni nani. Vipindi vya mwisho vya Rising navyo vinarudi Japani ya miaka ya baada ya vita, kwa Kamogawa na Nekota wakiwa vijana na kwa mwanajeshi wa Kimarekani anayeitwa Anderson. Watu wengine hushauri vitazamwe mapema ili kumwelewa kocha. Mimi nashauri uvifikie kwa zamu yake, baada ya pambano la Takamura na David Eagle, maana kufikia hapo umemzoea Nekota kama kikongwe wa mlimani anayechekacheka ovyo.